Machipukizi ya Mteremko wa Otozawa

Katika kijiji cha Kurumidani mtu atakuazima msumeno wake, trekta lake, na mkewe aje kukupikia siku ya msiba. Lakini umuulize anachumia wapi machipukizi ya tara, atakutazama kama uliyemwomba figo.

Tara ni mti mwembamba, miiba mwili mzima, hauna tawi la maana. Kwa mwaka mzima hakuna anayeusalimu. Ila theluji inapoanza kuyeyuka na maji kuteremka mlimani kwa kelele, hutoa chipukizi moja nchani, nene kama kidole gumba, na jingine dogo chini yake. Likichovywa kwenye rojo la unga na kukaangwa upesi upesi, watu wazima hunyamaza mezani. Kila ukoo una mteremko wake wa tara, na siri ya mteremko hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, tena hutoka pale tu magoti ya baba yanapomgomea. Binti haambiwi. Binti ataolewa, na mdomo wake utaolewa pamoja naye.

Jumamosi hiyo Yasuzo aliondoka asubuhi, tenga mgongoni, mundu kiunoni, kengele ya kufukuzia dubu ikilialia juu ya gambuti zake.

"Naenda Nishimata," alimwambia mkewe.

"Nishimata, sawa," Hisano akajibu.

Wote wawili walijua haendi Nishimata. Bonde la Nishimata liko magharibi. Yasuzo alikuwa anaenda mashariki. Husema hivyo kila mwaka ili jirani akija kudodosa, Hisano awe na la kujibu bila kuuma ulimi. Simu yake aliiacha juu ya jokofu kwa kuwa huko aendako mtandao haufiki. Alisema atarudi mchana, maana nyumba yao ni ya kulala wageni, na jioni hiyo walikuwa na wanawake watano kutoka Osaka waliosoma shule moja na waliokuja mlimani kula majani. Ndivyo walivyosema wenyewe kwenye simu: tunakuja kula majani.

Mchana ulipita. Wageni walishuka mtoni, wakapiga picha daraja, wakarudi, wakanywa chai. Hisano alichemsha mashina machanga ya kangaga kwa maji ya majivu kuyatoa ukali, akachoma samaki wa mtoni kwa chumvi, akakata tofu ngumu ya soya vipande. Mafuta aliyaweka jikoni bila kuyawashia moto. Saa kumi ilipogonga, na kengele ya dubu haijasikika njiani, alivua aproni, akaivaa tena, kisha akapiga simu kwa kaka yake.

Kaka yake, Morio, ndiye mkuu wa kikosi cha zimamoto cha kijiji, yaani mkuu wa wanaume wote wa Kurumidani ambao bado wanaweza kupanda ngazi. Muda mfupi baadaye walikuwa uani, saba hivi, wamevaa makoti ya bluu na kofia ngumu, ramani imetandazwa juu ya boneti ya gari. Na hapo ndipo Hisano alipoanza kutokwa jasho, kwa sababu mteremko aliokwenda Yasuzo haukuwa wa Yasuzo. Ulikuwa wa Morio.

Mambo yalikuwa hivi. Mteremko wa ukoo wa Yasuzo ulizikwa na maporomoko ya ardhi kabla hajaoa. Hisano alipoingia katika nyumba ile, masika ya kwanza, mama mkwe aliwaandalia wageni meza isiyo na tara, akasema mbele yao kwamba nyumba imeingiliwa na bahati mbaya mara mbili. Mara ya pili alikuwa anamtazama mkamwana. Usiku ule Hisano alimnong'oneza mumewe: vuka kijito cha Otozawa, pita tanuri la mkaa lililobomoka, panda upande wa kushoto. Alipajua kwa kuwa utotoni alimfuata baba yake kimyakimya, akijificha nyuma ya mierezi. Baba hakuwahi kujua. Morio, aliyeambiwa rasmi baba akiwa hoi kitandani, hakuwahi kujua pia.

Lakini Morio alijua kuna mwizi. Kila masika alilalamika, tena mara nyingi akilalamikia meza ya dada yake, huku ameshika kwa vijiti vyake vya kulia chipukizi la tara ambalo hakuuliza lilikotoka kwa sababu kuuliza ni utovu wa adabu.

"Tena ni mwizi mwenye heshima," alikuwa akisema. "Anakata chipukizi la kwanza, la pili analiacha mti uendelee kuishi. Mwizi gani huyo?"

"Mwenye heshima haibi, shemeji," Yasuzo alikuwa akijibu, akimwongezea pombe ya mchele. "Labda ni nyani."

"Nyani mwenye mundu?"

"Siku hizi nyani wamejanjaruka."

Na sasa nyani hakuwa amerudi.

"Alisemaje wakati anatoka?" Morio aliuliza mbele ya wote.

"Nishimata," Hisano akasema.

"Basi si Nishimata," akadakia mzee Denji, aliyekataa kustaafu kikosini na ambaye kofia yake ilikuwa inamziba nyusi.

"Umejuaje?" mmoja wa vijana akauliza.

"Wewe ukienda Nishimata utamwambia mkeo Nishimata?"

"Mimi sina mke."

"Ndiyo maana huna."

Sakuma, fundi seremala, aliinua kidole. "Subirini. Yasuzo anajua kwamba sisi tunajua. Kwa hiyo anasema Nishimata, sisi tunafikiri si Nishimata, naye anajiendea zake Nishimata kwa raha."

"Yasuzo hana akili kiasi hicho."

"Mkewe amesimama hapa, jamani."

"Samahani, shemeji. Akili anazo. Nimesema kiasi hicho."

Hakuna aliyecheka sana. Jua lilikuwa limeshaanza kugusa mgongo wa mlima, na wote walifahamu baridi ya huko juu ikishuka haina mzaha. Mwaka juzi mtu wa kijiji cha jirani aliteleza akichuma, wakamtafuta katika bonde ambalo siku zote alisema ndilo lake. Walimpata katika bonde jingine, ameganda, amekaa amejikunyata, kama anayesubiri basi.

Hisano alitazama mikono yake. Akisema mbele ya watu, mteremko wa baba yake umekwisha. Kesho yake kijiji kizima kitakuwa huko na matenga. Tena kaka yake atatambua, mbele ya watu wake mwenyewe, kwamba mwizi ni shemeji yake na aliyemfungulia mlango ni ndugu yake wa tumbo moja. Asiposema, watapanda Nishimata, na giza litawakuta huko.

"Kaka," aliita. "Njoo uone kitu jikoni."

Morio alimfuata. Hisano alifunga mlango wa kuteleza.

"Yuko Otozawa."

"Otozawa kuna nini?" Uso wa Morio haukucheza hata mshipa. Amelijibu swali la watu kwa swali hilo maisha yake yote.

"Kaka, basi. Juu ya tanuri la mkaa. Kwenye mteremko wa baba."

Morio aliangalia bakuli la rojo la unga lililokuwa mezani. Aliliangalia muda mrefu, utadhani ndani yake kuna mtu anayemjua.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Nilimfuata baba. Nilikuwa darasa la nne."

"Na yeye nani alimwambia?"

Mafuta baridi yalikuwa yanang'aa ndani ya sufuria.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka nilioolewa."

"Mwizi mwenye heshima," Morio alisema polepole. Kisha akavaa kofia, akafungua mlango, akatoka.

Uani aliongea kwa sauti yake ya kazi. "Tunakwenda Nishimata. Sakuma, ongoza upande wa juu. Mzee Denji, upande wa mtoni. Mimi na dada tutazunguka huku chini na gari dogo, tukague barabara ya msitu."

Hisano alielewa papo hapo. Kaka yake anawatuma watu wote sita upande ambao Yasuzo hayupo, ili mteremko usijulikane. Alifungua mdomo. Wanaume walikuwa wanapanda magari, mmoja anamsukuma Denji kwa nyuma ili aingie. Hisano akaufunga mdomo wake, akapanda gari la Morio.

Barabara ya lami ilikwisha.

"Ile siku ya harusi ya Chinami," Morio alisema, akimtaja binti wa Hisano, "nililetewa sahani ya tara. Nikasema, hizi ni tamu kuliko zangu."

"Nakumbuka."

"Zilikuwa zangu."

"Zilikuwa zako, kaka."

"Nikaomba na nyingine!"

"Endesha gari."

Waliacha gari mwisho wa barabara, wakavuka Otozawa kwa kukanyaga mawe. Theluji ya mwisho ilikuwa bado imejibanza kwenye mifereji ya mlima, kijivu, imechafuliwa na majani ya mierezi. Morio alitangulia. Hisano, ambaye hakuwa amekanyaga hapo tangu utoto, alikuta miguu yake inajua njia. Walipofika kwenye tanuri lililobomoka, walisikia kengele. Ililia mara moja, ikanyamaza, ikalia tena.

Yasuzo alikuwa chini ndani ya mfereji, mgongo kwenye gogo la mchestinati. Ganda la theluji lilikuwa limepasuka chini yake, likaumeza mguu wake wa kulia mpaka gotini, na mwili ulipoendelea mbele mguu ukakataa. Alikuwa ameshautoa, lakini ulikuwa umelala vibaya. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Tenga lilikuwa kando yake, limejaa, limesimama wima, halijamwaga hata chipukizi moja.

Alimwona mkewe kwanza, akatabasamu. Kisha akamwona aliyekuwa nyuma ya mkewe.

"Shemeji," alisema Yasuzo.

"Shemeji," alisema Morio.

Maji yaliendelea kuteremka.

"Umechuma vizuri," Morio akasema hatimaye.

"Mwaka huu yamenona."

"Naona."

Hisano alishavua koti lake na kumfunika mumewe. Alimshika shavu, lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Morio alipiga magoti, akachana suruali kwa mundu, akautazama mguu na kuvuta pumzi kwa meno. Alimwingiza mikono makwapani, akajaribu kumnyanyua. Yasuzo alitoa sauti ambayo Hisano hakuwahi kuisikia katika ndoa yao yote. Walijaribu tena, huyu anavuta, yule anasukuma. Hawakufika popote. Mteremko ulikuwa kama paa la nyumba, na wote watatu hawakuwa watu wa kuchezea paa.

Redio ya mkononi iliyokuwa kifuani pa Morio ilikoroma. "Hapa Nishimata hakuna kitu," ilisema sauti ya Sakuma. "Hata nyayo hakuna. Nilisema ni ujanja."

"Ulisema ni kinyume cha ujanja," sauti ya Denji ikaingilia.

Morio aliiweka redio mdomoni. Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Kisha akaishusha.

"Unafanya nini?" Hisano aliuliza.

"Nitajikokota," Yasuzo akasema. Meno yake yalikuwa yanagongana. "Nikatieni fimbo mbili tu. Mpaka kwenye tanuri. Kutoka tanuri mwaweza kuwaita, mseme nilikuwa nakwenda kuchota maji."

"Kwenye tanuri kuna tambarare," Morio alikubali haraka. "Wakitukuta pale hawataona juu."

"Hawataona, shemeji. Mierezi inaziba."

Hisano aliwatazama. Mmoja ameibiwa miaka yote, mwingine ameiba miaka yote, na sasa walikuwa wanapanga pamoja, vichwa vimekaribiana, kama watoto waliovunja kioo. Mguu ulikuwa unazidi kuvimba mbele yao.

"Tumepoteza saa nzima, kaka," alisema. "Wangekuja wote tangu mwanzo, sasa hivi angekuwa kwenye gari. Saa nzima, kwa ajili ya miti. Na mimi nimenyamaza nikakuacha."

Akanyoosha mkono, akaichomoa redio kifuani kwake, akabonyeza kitufe.

"Sakuma, ni Hisano. Tumempata. Mguu umevunjika. Vukeni Otozawa, pandeni mpaka tanuri la mkaa la zamani, halafu njooni juu upande wa kushoto. Kushoto. Mtaona miti mingi ya tara. Leteni machela na mablanketi, na mpigieni simu gari la wagonjwa."

Yasuzo alifumba macho. Morio naye alifumba macho.

Redio ilikoroma. "Upande wa kushoto," Sakuma alirudia, taratibu, kama mtu anayeandika kichwani.

Hisano aliketi nyuma ya mumewe, akamkumbatia mgongoni ili ampe joto lake. Morio alisimama. Alitazama mteremko wa baba yake kuanzia chini hadi juu, miti imejipanga na machipukizi yake kama mishumaa. Kisha akachukua mundu na kuanza kukata.

"Unafanya nini tena?" dada yake akamuuliza.

"Kazi."

Alikata mbio mbio, miiba inamchana glavu, anatupa machipukizi ndani ya koti alilolitandika chini. Yasuzo alimfuatilia kwa macho kutoka mikononi mwa mkewe.

"Nyuma yako, shemeji. Umeruka mmoja."

"Upi?"

"Ule uliopinda. Huo hukawia, ila huwa mtamu."

Morio aligeuka, akauona ule uliopinda. "Huu nao unaujua?"

"Naujua tangu ukiwa mdogo kama mwiko."

Morio alikata chipukizi lake la kwanza. La pili aliliacha.

Wanaume walifika mwanga ukiwa bado unatosha kuona, ambayo ndiyo ilikuwa bahati mbaya. Denji alitokeza wa kwanza, umri haukumzuia. Alisimama, akahema, akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama juu. Mdomo wake ulifunguka.

"Aisee," alisema. Kisha akakumbuka kilichomleta. "Machela huku!"

Baada ya hapo kila mtu alikuwa na adabu kupita kiasi. Walimfunga Yasuzo mguu kwa mbao mbili, wakamviringisha mablanketi, wakambeba, na wote sita waliangalia chini kwa bidii, kama watu wanaopita karibu na bafu la wanawake.

"Kuna miiba hapa," Sakuma akasema alipochomwa.

"Miiba ya nini?"

"Sijaona. Mimi natazama njia."

Gari la wagonjwa lilikuwa linasubiri mwisho wa barabara. Hisano alitaka kupanda. Yasuzo, ambaye sasa alikuwa amechomwa sindano na sauti yake imelegea, alimkatalia. Chinami anaishi mjini, atampokea hospitalini. Nyumbani kuna wageni hawajala.

"Waje watoke Osaka walale na njaa?" alisema. "Watatuandika nini huko wanakoandika?"

Mhudumu aliyemchoma sindano akamhakikishia Hisano kwamba mguu ndio tatizo peke yake, baridi walimwahi. Mlango ulifungwa. Hisano alisimama barabarani mpaka taa nyekundu zilipopotea kwenye kona, kisha akarudi kupika.

Wageni walikuwa wameketi kuzunguka meko, wametulia kwa heshima ya msiba ambao haukutokea. Mke wa Denji alikuwa amewapa tambi za soba na kachumbari ya majani ya haradali. Hisano aliwaambia mumewe yu salama, akawasha moto chini ya mafuta. Mlango wa nyuma ukafunguka. Morio aliingia na tenga la Yasuzo mkono mmoja, furushi la koti lake mkono mwingine, akavimwaga vyote mezani, vikachanganyika.

"Kaanga," alisema, akaenda kukaa na wageni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Hisano alikaanga. Machipukizi yalipiga kelele kwenye mafuta, yakavimba, akayatoa yakiwa bado kijani ndani ya ganda jembamba. Sahani ya kwanza ilikwisha kabla chumvi haijazungushwa. Wale wanawake watano, waliokuwa wakiongea tangu wafike, walinyamaza. Utamu wake huja na uchungu kidogo, na uchungu ule ndio hasa wanaousafiria.

"Baba," hatimaye alisema Bi Nakatsuji, aliyekuwa mkubwa wao na msemaji wao, "hivi haya yanatoka wapi?"

Hisano aligeuza shingo kutoka jikoni.

Morio alikunywa pombe yake yote, akaweka kikombe chini. "Ukitoka hapa unashika barabara ya msitu," alisema. "Inapoisha, unavuka kijito cha Otozawa. Unakuta tanuri la mkaa lililobomoka. Unapanda upande wa kushoto. Ni mteremko wa baba yangu."

Wanawake walitazamana, kisha wakaangua kicheko.

"Msituone wajinga," Bi Nakatsuji alisema, akimpiga Morio begani. "Tumeshaambiwa kila mahali tulipopita. Watu wa milimani mkiulizwa habari ya tara mnadanganya mpaka mama zenu!"

"Kweli kabisa," Morio akasema. "Tunadanganya."

Walicheka tena, wakaomba sahani nyingine. Morio aliinuka, akaichukua sahani tupu, akaileta jikoni mwenyewe. Alisimama karibu na dada yake, bega kwa bega, wakiyatazama mafuta.

"Denji ataenda kesho asubuhi," alisema kwa sauti ya chini. "Namjua. Na Sakuma. Na wengine. Hawatajua lipi la kuacha kwenye ule uliopinda, wataukata mpaka shingo."

"Inawezekana."

"Tuwahi sisi. Alfajiri. Uje na glavu nene."

Hisano alitia machipukizi mengine kwenye rojo. Katika ukoo wao hakuna mwanamke aliyewahi kuambiwa neno hilo.

"Kesho naenda kumwona mume wangu," alisema.

"Hospitali wanaruhusu watu saa nne."

Aliyadondosha moja moja kwenye mafuta, akasubiri yatulie.

"Na yeye?" aliuliza. "Mguu ukipona?"

Kwa mkono mtupu Morio aliokota chipukizi lililokuwa limeiva, akalihamisha kiganja hiki hadi kile kwa moto wake, akalipulizia.

"Mwache kwanza apone," alisema, akalitia mdomoni. "Bado namdai maneno."